Maswali ya Wasomaji: Perfume walibadilika wapi?

Tarehe 21 Septemba 2025, miaka 20 kamili tangu singo yao ya kwanza kwenye lebo kubwa, Perfume walitangaza kwamba kazi za kundi zitasimama mwishoni mwa mwaka huo. Tangu hapo barua kuhusu waimbaji hawa watatu wa kike wa Japani hazijakoma. Wageni wanauliza waanzie wapi, wakongwe wanabishana ni albamu ipi iliyopotosha mambo. Tunawajibu pamoja. Swali la jinsi sauti zao zinavyotengenezwa limechukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu bila hilo ubishi wote unaelea hewani.

SWALI: Nina nyimbo mbili kwenye simu, "Polyrhythm" na "Spending all my time". Zote zimeandikwa Perfume, lakini moja ni tamu kama pipi na nyingine ni ya klabu tupu. Ni kundi moja kweli? Walibadilisha prodyuza? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kundi ni moja, na prodyuza ni yuleyule. Ayaka Nishiwaki (mashabiki humwita A-chan), Yuka Kashino (Kashiyuka) na Ayano Omoto (Nocchi) wanatoka Hiroshima, ambako kundi lilianzishwa mwaka 2000. Walihamia Tokyo mwaka 2003, na mwaka huohuo Yasutaka Nakata akawatengenezea "Sweet Donuts". Hajawaacha tangu hapo.

"Polyrhythm" ilitoka Septemba 2007, "Spending all my time" Agosti 2012. Tofauti unayoisikia inatokana na namna Nakata anavyofanya kazi. Yeye hutunga, hupanga vyombo, hurekodi, huchanganya, na hata ile kazi ya mwisho ya kuupa wimbo nguvu kabla ya kutoka huifanya mwenyewe. Kwenye bendi ya kawaida, mpiga gitaa akikinaishwa na mtindo, mpiga besi humvuta shati. Hapa hakuna wa kumvuta. Masikio ya Nakata yakihama, Perfume wamehama. Mara nyingi alikuwa anajaribu jambo kwanza kwenye kundi lake la Capsule, analofanya na mwimbaji Toshiko Koshijima. Capsule walipouacha ulaini wa bossa nova wakaingia kwenye elektro ya kukwaruza, haikupita muda besi hiyohiyo ikasikika kwenye wimbo "GAME" wa Perfume, mwaka 2008.

Mwaka 2012 kulikuwa na jambo jingine. Walitoka Tokuma Japan wakaenda Universal, wakaanza kutazama nje: ziara ya Asia mwaka huo, ya Ulaya mwaka uliofuata. Ndiyo maana maneno ya "Spending all my time" ni machache, karibu yote ya Kiingereza, na yanarudiwa. Umetungwa ili mtu asiyejua neno la Kijapani aushike kwa kusikia mara moja.

SWALI: Nimepakua "Polyrhythm" mara tatu na kila mara sehemu ya katikati inakwama kama CD iliyochubuka. Naipata wapi nzima? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Unayo nzima. Pale katikati sauti zinaacha mdundo wa nne na kuanza kujizungusha kwa mafungu ya tano na ya sita, huku ngoma ikiendelea na hesabu yake. Wimbo uko kwenye mapigo 128 kwa dakika. Chukua nusu ya mpigo kuwa kipimo chako: ni kama sekunde 0.23. Kila mzunguko wa ngoma una nusu-mapigo 8. Fungu la sita hukutana tena na mwanzo wa mzunguko baada ya nusu-mapigo 24, yaani mizunguko 3, sekunde 5 na nusu hivi. Fungu la tano husubiri nusu-mapigo 40, yaani mizunguko 5, zaidi kidogo ya sekunde 9. Sikio lililozoea kukutana kila baada ya sekunde 2 huona kama kitu kimeharibika.

Jina la wimbo ndilo funguo. Wajapani hulitamka po-ri-ri-zu-mu. Hesabu mizani: tano. Lifanyie mazoezi bila kuwasha muziki. Gonga mguu polepole, mapigo 60 kwa dakika, na kila mguu ukigonga tamka silabi mbili. Rudia po-ri-ri-zu-mu bila kupumzika kati ya neno na neno. "Po" ya kwanza inaangukia mguuni, ya pili inaangukia mguu ukiwa juu, ya tatu inarudi mguuni. Ukilitamka neno mara 8, "po" inayofuata itaangukia mwanzo wa mzunguko kabisa, kama ulivyoanza. Likishakaa, panda hadi 80, kisha 100, ndipo uende 128.

Wengi hukosea mahali pamoja: mguu unaanza kuufuata mdomo. Ukiona kila "po" inagonga na mguu, umekwisha badilisha mdundo bila kujua. Simama, anza upya. Aliyekulia kwenye chakacha ana nusu ya kazi mkononi, kwani mdundo wa 6/8 umemzoesha kusikia tatu na mbili kwa wakati mmoja. Kigeni kwake ni ile tano tu.

Mzunguko huo una sababu. Wimbo ulitumiwa kwenye tangazo la kuhimiza watu kurejeleza taka, na maneno yake yanazungumzia kitu kinachorudi na kurudi tena. Nakata ameupeleka ujumbe kwenye hesabu ya mdundo. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda kupita nyingine yoyote.

SWALI: Narekodi nyumbani. Nikiweka Auto-Tune kwenye sauti ya dada yangu nasikia bongo fleva, sisikii Perfume. Nakosea wapi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Kosa liko kabla ya kompyuta, kwenye namna ya kuimba. Mwimbaji wa bongo fleva huteleza kutoka noti hadi noti na hupambia mwisho wa mstari, jambo ambalo ni uzuri wa muziki huo. Programu ya kunyoosha sauti ikikutana na mtelezo huukatakata kuwa ngazi, na ngazi hiyo ndiyo unayoisikia. Perfume hawatelezi. Nakata amewarekodi wakiwa wameketi, bila kusukuma sauti, na mwanzoni iliwawia vigumu kwa sababu walifundishwa kuimba kwa nguvu na hisia.

Basi mketishe dada yako. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, aimbe kwa sauti ya mazungumzo, bila kutetemesha, kila silabi ianze palepale kwenye noti yake. Kiswahili kinafaa sana kwa hili. Kama Kijapani, silabi zetu huishia kwenye irabu, na hata ile "n" ya Kijapani inayohesabiwa mizani peke yake tunayo ndugu yake kwenye m-tu na n-chi. Ila usimruhusu aivute hiyo "m". Programu haina irabu ya kushika hapo na sauti itayumba.

Rekodi mara 3 zinazofanana, usinakili moja mara 3. Nakala ya sauti ileile ukiiweka juu ya mwenzake huongeza kelele tu, haileti unene. Kabla ya kunyoosha noti, panga nyakati: mianzo ya silabi kwenye rekodi zote tatu isipishane zaidi ya milisekunde 20. Ukinyoosha noti kwanza na kusogeza baadaye, mipasuko midogo hubaki kwenye viungo.

Sasa chagua ufunguo wa wimbo na uzime noti zote ambazo hazimo. Kasi ya kunyoosha iwe 0. Sauti ikirukia noti ya ajabu ghafla, huenda melodi ina noti iliyo nje ya ufunguo nawe umeifunga; ifungue kwa sehemu hiyo peke yake. Pumzi, "s" na "sh" zitoe nje ya kunyooshwa kabisa. Hazina noti, na programu ikilazimisha kuzipa noti hutoa mlio wa bati. Ukiwa bado unasikia makali, punguza kati ya hezi 5,000 na 8,000.

Kata kila kitu chini ya hezi 120. Kompresa, yaani programu ya kushusha sauti inapozidi, iwe 4 kwa 1, ikishusha desibeli 4 hadi 6. Rekodi moja iweke katikati, mbili nyingine kulia na kushoto, desibeli 6 hadi 8 chini ya ile ya kati. Mwangwi uwe kidogo mno ukitaka Perfume wa 2007 hadi 2009, maana kwenye nyimbo hizo sauti iko karibu na sikio, kavu.

Bado kitu kimoja, na watu wengi hukisahau kwa sababu hakimo kwenye sauti yenyewe. Besi na sinthesaiza lazima ziiname, yaani zishuke sauti kidogo, kila dundo (ngoma nzito ya chini) linapopiga. Weka kompresa juu yake, iamriwe na dundo: ianze ndani ya milisekunde 1, iachie ndani ya milisekunde 150 hadi 250. Kwenye mapigo 128, dundo hadi dundo ni milisekunde 469. Ukiweka kuachia kwa 500, muziki haupati nafasi ya kurudi juu na wimbo wote unasikika umebanwa. Ukiweka 20, unasikia kubofyabofya kwenye besi. Katika nafasi hiyo inayopumua ndipo sauti tambarare ya mwimbaji inapopata uhai.

SWALI: Tuseme ukweli. Perfume waliisha kwenye albamu ya Triangle, 2009. Baada ya hapo ni kelele za klabu. – Msomaji, Zanzibar

SWALI: Napinga wanaosema albamu ya LEVEL3 iliwaharibu. Albamu ya JPN ndiyo dhaifu, LEVEL3 iliwaokoa. – Msomaji, Muscat

JIBU: Barua hizi zilifika wiki moja. Tunaziweka pamoja kwa sababu kila moja ina ukweli wa nusu, na nusu zenyewe hazigombani.

Kipindi cha kwanza, 2003 hadi 2006, ni sinthesaiza za mtindo wa zamani wa Kijapani, mlio mwembamba kama wa michezo ya video. "Linear Motor Girl", "Computer City" na "Electro World" zilifuatana kwa hadithi za miji ya kompyuta. Hazikuuza sana. Kisha ikaja "Polyrhythm", na Aprili 2008 albamu ya GAME ikashika namba moja Japani. Kundi la tekno-pop halikuwa limefika hapo tangu Yellow Magic Orchestra mwaka 1983. Kwenye GAME sauti zimekaa ndani ya mashine kabisa. Kwenye wimbo wenye jina la albamu huwezi kusema nani ni nani.

Triangle iliongeza urefu na giza. Toleo la wimbo "edge" lililomo linapita dakika 8, na hapo ndugu wa Zanzibar yuko sahihi kuipenda. Lakini aisikilize tena akifuata sauti badala ya besi. Sauti ni zilezile za GAME, zimenyooshwa vilevile, na jipya liko nyuma yake. Kama Nakata angeendelea hivyo, albamu ya tatu ya namna ile ingekuwa marudio.

JPN ya Novemba 2011 ndiyo iliyokuja, na hapa ndugu wa Muscat ana hoja. Singo nyingi zilizomo zilikwisha kusikika kwenye matangazo ya biashara kabla ya albamu kutoka. Tangazo la televisheni la Japani kwa kawaida ni sekunde 15. Ndani ya sekunde hizo lazima kiitikio kiwe kimeingia na kukaa, hivyo nyimbo zikaanza kufanana umbo: kiitikio chenye mwanga, beti fupi, hakuna njia ya pembeni. Ukiisikiliza yote kwa mkupuo, baada ya wimbo wa sita sikio linachoka. Hata hivyo dhaifu ni neno kali mno kwa albamu yenye "575". Mle beti zinafuata hesabu ya haiku, mizani 5, 7, 5, na katikati wanaingia kurap. Msomaji yeyote aliyewahi kuhesabu mizani 8 kwa 8 za shairi letu atajua ni kazi gani kuifunga hesabu hiyo kwenye mdundo wa nne bila silabi kubaki nje. Na sauti pale zimelegezwa. Kwa mara ya kwanza tangu "Polyrhythm" unaweza kumtambua Kashiyuka kwa pumzi yake.

LEVEL3, Oktoba 2013, ilivunja umbo la tangazo. "Party Maker" ni ndefu, na kwa muda mrefu hakuna beti wala kiitikio cha kawaida. Sauti imekuwa chombo kimoja kati ya vingi. Ndugu wa Zanzibar, kama hupendi huo, hatutakushawishi. Lakini albamu hiyohiyo ina "1mm" na "Clockwork", nyimbo ambazo ukizipiga kwa gitaa kavu zinasimama. Tunaona LEVEL3 iliwaokoa kweli, ingawa kwa gharama: kwa miaka kadhaa baadaye kila ukosoaji wa Perfume ukawa ni ukosoaji wa klabu.

COSMIC EXPLORER ya 2016 tunaipita haraka. "FLASH" ni wimbo mkubwa, na karibu nusu ya zilizobaki ni singo za zaidi ya miaka miwili.

Future Pop ya 2018 inastahili heshima kuliko inavyopewa. Sikiliza "If you wanna". Muziki unapanda, unangoja kiitikio, na kiitikio hakiji. Badala yake unapata vipande vya sauti vilivyokatwakatwa juu ya sinthesaiza. Wengi waliona wamedhulumiwa. Sisi tunaona Nakata alimaliza pale hesabu aliyoianza 2007: sauti ilianza ikiwa ndani ya mashine, ikaishia ikiwa mashine yenyewe. Kutoka hapo njia iliyobaki ni ya kurudi. PLASMA ya 2022 ikarudi, na disko ya "Spinning World" na hewa ya jiji ya miaka ya 1980 kwenye "Drive'n The Rain", sauti zikiwa mbele na laini. Nebula Romance, iliyogawanywa sehemu mbili, 2024 na 2025, imetungwa kama muziki wa filamu ya kubuni ya anga za mbali, na ndani yake wanawake watatu wanasikika kama wanawake watatu.

Kwa hiyo tunawaomba wote wawili: bishaneni juu ya umbali kati ya mwimbaji na mashine kwenye kila albamu. Ngoma hubadilika kila mwaka kwa kila mtu duniani.

SWALI: Bando langu ni dogo. Nipakue zipi, na mbona wimbo uleule una matoleo mawili? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kilobiti 128 unakula kama MB 4, kwa kilobiti 320 unakula kama MB 10. Kwa Perfume ni afadhali nyimbo 4 za ubora wa juu kuliko 10 za ubora wa chini, kwa sababu milio mikali ya juu ndiyo ya kwanza kuvurugika, na nyimbo hizi zimejaa milio hiyo. Tumia visikizi. Spika ya simu haitoi besi ya kutosha, na ule muinamo tuliomweleza ndugu wa Arusha hutausikia kabisa.

Anza na "Electro World", "Polyrhythm", "1mm" na "Spinning World", kwa mpangilio huo. Ukipata nafasi ongeza "Chocolate Disco", "575" na "If you wanna". Maneno "Album-mix" yakiandikwa baada ya jina, ujue Nakata ameutengeneza wimbo upya kwa ajili ya albamu. Wakati mwingine utangulizi umebadilika tu, wakati mwingine wimbo umerefuka au besi imebadilishwa. "Spending all my time" na "Laser Beam" zina matoleo hayo mawili. Toleo la singo ndilo rahisi kwa mgeni.

SWALI: Nasomea uhuishaji. Nimeambiwa dansi ya Perfume inapatikana kama data. Naitumiaje? – Msomaji, Kigali

JIBU: Ni kweli. Mwaka 2012 walitoa bure data za miondoko ya wote watatu, kila mmoja na faili lake la aina ya BVH, pamoja na muziki wake, katika mradi uliofanywa na Daito Manabe wa Rhizomatiks. Dansi ni ya MIKIKO, aliyewafundisha tangu Hiroshima. Wanacheza na viatu virefu, kwa hiyo utaona magoti hayanyooki sana na uzito unakaa mbele ya wayo. Usijaribu "kusahihisha" hilo.

Programu ya uhuishaji ya Blender hufungua BVH bila programu ya ziada. Mifupa ikitokea mikubwa kama jengo, faili limepimwa kwa sentimita: weka ukubwa 0.01 wakati wa kuingiza. Ingiza wote watatu kwa kipimo kimoja na usiwasogeze mmojammoja, la sivyo nafasi kati yao zitapotea, na nusu ya dansi hii ni zile nafasi. Kisha fungua faili kwa programu ya kuandikia na utafute mstari wa "Frame Time". Ikiwa ni 0.025, data ni ya fremu 40 kwa sekunde. Mradi wako ukiwa wa fremu 24, wacheza watakuwa wamechelewa wakati muziki umeshafika kwenye kiitikio. Badilisha mradi uwe 40, au wakati wa kuingiza chagua programu ioanishe kasi yenyewe, ndipo uweke muziki.